Mtoto wa Miaka Miwili Hana Jedwali la Ngeli

Yako maneno mawili ambayo twayasikia kila wakutanapo wazazi na walimu, nayo yamekwisha kuwa kama sheria ambayo hakuna aliyeiandika. La kwanza ni kwamba mtoto mdogo asemeshwaye kwa lugha mbili au tatu nyumbani huchanganyikiwa, akachelewa kusema, na kwa hiyo heri achaguliwe lugha moja, tena ile ya shule. La pili latoka vinywani mwetu sisi wenyewe walimu wa Kiswahili: kwamba mwanafunzi hawezi kusema Kiswahili fasaha mpaka kwanza akariri ngeli zote, umoja na wingi, kutoka ubaoni. Twashikilia katika makala haya kwamba maneno hayo mawili ni ya tumbo moja. Yote mawili yatokana na watu wazima kutomtazama mtoto anapojifunza, na yote mawili yanawadhuru watoto wetu na kukidhuru Kiswahili.

Jambo hili si la kuzungumzwa kwenye chai ya mapumziko likaishia hapo. Hapa Uganda Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri ya utawala wa kijeshi, na amri ile haikukiingiza katika nyimbo za kubembelezea watoto. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakata shauri kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Jirani zetu wa Rwanda walikwisha kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Basi hatuna tena haja ya kulia kwamba Kiswahili kimenyimwa nafasi. Kimepewa nafasi kwenye karatasi. Lililobaki ni kujua mtu huipataje lugha, na katika elimu hiyo mwalimu mkubwa kuliko wote ni mtoto asiyejua bado kufunga kifungo cha shati lake.

Mtoto tunayemtaja humu ni wa jamaa zetu, nasi tumepata bahati ya kumtazama tangu alipokuwa na miezi kumi na mmoja hata akapita miaka mitatu. Baba yake ni Mganda. Mama yake ni mzaliwa wa Bukavu, na Kiswahili chake ni kile cha Kivu, kisemacho batoto pale tusemapo watoto, na bitu pale tusemapo vitu. Tulikuwa na daftari, nasi tukiandika yale tuliyoyaona na umri wake kwa miezi.

Tuanze na kumbukumbu, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mtoto wa umri huo hana. Husema: mbona sisi wenyewe hatukumbuki lolote la wakati ule? Kweli hatukumbuki, lakini kusahau kwetu tukiwa wazima si ushahidi kwamba mtoto hakumbuki akiwa mtoto. Alipokuwa na miezi kumi na mmoja tulificha ufunguo chini ya leso mbele ya macho yake, naye akaivuta leso akautwaa. Alipotimiza miezi kumi na mitano, jjajja yake wa kiumeni alikuja kukaa siku mbili, mzee mwenye kofia na kikohozi. Siku ya tatu baada ya mzee kuondoka, mtoto alichukua kifuniko cha sufuria, akakitua kichwani, akakohoa kohoo! kohoo! huku akitembea ameinama. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa ameihifadhi sura nzima ya mzee, mwendo na sauti na vazi, akaitoa wakati mwenyewe hayupo. Jean Piaget alisimulia habari ya namna hiyo juu ya binti yake Jacqueline, ambaye akiwa na mwaka mmoja na miezi minne alimwona mtoto mwenziwe akifanya ghadhabu kwa kulia na kupiga miguu, kisha kesho yake akaiiga ghadhabu ile. Na mwaka 1988 Andrew Meltzoff, huko Marekani, alionyesha kwamba watoto wa miezi kumi na minne waliomwona mtu akigusa kisanduku kwa paji la uso ili taa iwake, wengi wao walifanya vivyo hivyo baada ya juma zima, ingawa siku ile ya kwanza hawakuruhusiwa kukigusa.

Hata wakati wenyewe mtoto huushika kwa namna yake. Huyu wetu, alipokaribia miaka miwili na nusu, aliita jana kila kilichopita: mvua ya asubuhi ni ya jana, na safari ya mwezi uliopita ni ya jana. Mjomba mmoja alicheka. Mjomba huyo angesafiri mpaka Kinshasa angekuta watu wazima wenye akili timamu wasemao lobi kwa maana ya jana na vilevile ya kesho, na kitenzi ndicho kiwatenganishiacho. Mtoto alikwisha kujua jambo kubwa zaidi, kwamba kuna yaliyopita na kuna yasiyokuja bado. Majina ya siku yangefuata.

Sasa tuje kwenye usemi, ambako ndiko hasa tunakogombana na wenzetu.

Mtoto huanza na neno moja moja, karibu na mwaka wa kwanza, kisha katika mwaka wa pili huunganisha mawili. Huyu alisema taka mai, akiwa na maana ya kwamba ataka maji. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeandika: nafsi hakuna, wakati hakuna, konsonanti imeliwa. Lakini tazameni alichokibakiza. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake juu ya upataji wa Kiswahili kilichotoka mwaka 2005, alifuata watoto wanne wa Nairobi, akaona kwamba huacha mara kwa mara viambishi vya nafsi na vya wakati, lakini irabu ya mwisho ya kitenzi hawaiachi. Makosa yao yana mpaka. Mtoto havunji kitenzi mahali popote apendapo. Hukikata pale pale ambapo kitenzi cha Kiswahili kina kiungo. Aliyemwonyesha viungo hivyo ni nani? Hakuna aliyemchorea.

Alipokuwa na miezi ishirini na saba tulimsikia akigombania vikopo vyake na mtoto wa jirani: bitu byangu! Mgeni mmoja, mwalimu mwenzetu, akamrudi hapo hapo: Sema vitu vyangu. Mtoto akamkazia macho, akarudia bitu byangu kwa sauti kubwa zaidi. Twamwomba mwalimu huyo, na wote wenye mkono mwepesi kama wake, wapime jambo lenyewe. Bitu ni matamshi ya mama yake na ya mamilioni ya wasemaji wa mashariki ya Kongo. Upatanisho wake, bi kwa by, hauna dosari hata ya chembe. Wakati huohuo, katika mji huu huu, twakutana kila siku na watu wazima waliosoma Kiswahili miaka minne, wenye jedwali la ngeli kwenye daftari lenye jalada zuri, nao husema vitu yangu. Nani kati ya hao wawili ndiye ajuaye ngeli?

Tena siku moja vililetwa vikombe viwili vya chai, naye akatangaza: byai! Nyumba nzima ilicheka. Sisi hatukucheka sana. Kwa mama yake wingi wa chakula ni byakula. Basi wingi wa chai uwe nini? Neno hilo hakulisikia kwa mtu yeyote, kwa hiyo hakuliiga. Alilitengeneza kwa kanuni. Na kanuni hiyo ndiyo iliyotumiwa na wahenga wa pwani walipolipokea neno la Kiarabu kitab: wakaisikia ki ya mwanzo, wakaihesabu kuwa kiambishi, wakapata vitabu, ijapokuwa katika Kiarabu ki ile ni sehemu ya mzizi. Madereva wa Tanzania walilitwaa neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye mzunguko wa barabara wakalifanya kipilefti, na wingi wake vipilefti. Hatumwiti yeyote katika hao kuwa ni mjinga. Twasema lugha imekua. Lakini mtoto akitumia akili ile ile mezani, twamwambia amekosea.

Wala msidhani kwamba mtoto hufika kwenye usahihi kwa kurekebishwa. Roger Brown na wenzake waliowaandika watoto watatu wa Marekani mwaka baada ya mwaka waliona kwamba wazazi, kwa kawaida, hurekebisha ukweli wa maneno na kuacha sarufi ipite. Mtoto akisema jambo la kweli kwa sarufi mbovu hukubaliwa. Akisema la uongo kwa sarufi safi hukanushwa. Nasi tumeyaona hayo hayo. Mtoto alipomwita mbuzi ng'ombe, mama alimkatiza. Aliposema byai, mama alijibu tu, ndiyo, chai yako hii, na chai ya baba ile. Baada ya miezi michache byai ilikwisha toweka, bila kiboko.

Ama mchezo, twasikia aibu kuona jinsi sisi walimu tunavyoutaja, kana kwamba ni mapumziko baada ya kazi. Kwa mtoto wa umri huu hakuna kazi nyingine. Alipokaribia miaka miwili, huyu alifunga bunzi la hindi mgongoni kwa kitambaa, akalitikisa, akaliambia: lala, lala, usilie. Siku nyingine alikaa juu ya kigoda, kigoda kikawa bodaboda, akaita abiria: tugende! Mrusi Lev Vygotsky alifundisha mwaka 1933 kwamba fimbo inapokuwa farasi, mtoto anaanza kuitenga maana na kitu chenyewe. Hilo ndilo neno lifanyalo kila siku, kwani sauti nyumba haifanani na nyumba. Atakayemnyang'anya mtoto bunzi ili ampe kalamu amemnyang'anya somo la kwanza la kusoma.

Na mwangalie tena lugha alizozitumia. Bunzi alilibembeleza kwa Kiswahili kwa sababu mama ndiye ambembelezaye. Abiria aliwaita kwa Kiganda kwa sababu ndivyo waitavyo waendesha bodaboda wa mtaa ule. Akiwa na kiu, kwa baba alisema amazzi na kwa mama alisema mai. Je, huyu ndiye aliyechanganyikiwa? Mfaransa Jules Ronjat alikwisha kuandika habari za mwanawe Louis mwaka 1913, aliyekua na Kifaransa cha baba na Kijerumani cha mama, na zote mbili akazipata. Mwaka 1995 Fred Genesee na wenzake, huko Montreal, walichunguza watoto wadogo wa nyumba za Kifaransa na Kiingereza, wakaona kwamba tangu wangali wakiunganisha maneno mawili tu hutumia zaidi lugha ya mzazi wanayesema naye. Ni kweli kwamba mara nyingine mtoto hutia neno la lugha moja ndani ya nyingine. Wetu alisema Taata, mpa chakula. Lakini atakayeliita hilo ugonjwa asikilize kwanza mazungumzo yetu wenyewe katika chumba cha walimu.

Kutazama watoto namna hii si jambo geni lililoletwa juzi. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akazuru nyumba za familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akakaa na akina mama na kuandika yale watoto wachanga wafanyayo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na sehemu kubwa ya elimu ya leo kuhusu mapenzi ya mtoto na mlezi ilianzia katika nyumba hizo za Buganda. Ulimwengu ulijifunza kutoka kwa watoto wetu. Sisi wenyewe twapita mlangoni mwao tukiwa na haraka ya kwenda kusahihisha.

Sasa tuseme lililotuuma hata tukaandika. Alipotimiza miaka mitatu mtoto huyu alipelekwa chekechea, mojawapo ya zile za watu binafsi ambazo mzazi huingia akiogopa. Alifanyiwa usaili: ataje rangi kwa Kiingereza, afuatishe herufi juu ya mistari. Akashindwa kutaja rangi, akapokewa kwa huruma, na mama akapewa shauri: aache kumsemesha Kiswahili, kinamchelewesha. Mama alitii, kwa kuwa shauri la shule halipingwi na mtu aliyelipa karo. Lakini Kiingereza cha mama huyo ni cha kununulia sukari. Hana ndani yake hadithi, wala utani, wala namna ya kueleza kwa nini mwezi watufuata. Jioni zile zilizokuwa na hadithi ya sungura, zikawa na maneno matano: njoo, keti, kula, oga, lala. Hata kabla ya muhula kwisha tulimkuta mtoto amepanga mabunzi yake safu mbili. Akashika kijiti, akayapita moja moja akiyawekea kidole mdomoni. Ndivyo alivyokuwa anacheza shule.

Hapo ndipo penye dhuluma. Mtoto hakupewa Kiingereza badala ya Kiswahili. Alinyang'anywa lugha iliyojaa akapewa iliyo tupu, na aliyefanya hivyo alidhani anamsaidia. Hatukipingi Kiingereza, mtoto akitaka lugha ya tatu anayo nafasi, maadamu kuna mtu wa kuisema naye kwa moyo. Lakini tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi za nchi hii waelekeza kufundisha kwa lugha ya eneo pale iwezekanapo. Ni ajabu basi kwamba mtoto wa miaka mitatu akatazwe lugha ambayo mkubwa wake wa miaka saba ameruhusiwa.

Ndugu walimu wa Kiswahili, msishangilie upesi mkidhani tumewapiga wenye chekechea peke yao. Sisi hufanya jambo lile lile kwa watoto wakubwa. Mwanafunzi wa Kiganda aingiapo darasani kwetu tayari asema ekitabo kyange kigudde, na wingi ebitabo byange bigudde. Asema omuti gwange gugudde, na emiti gyange gigudde. Twamwandikia ubaoni kitabu changu kimeanguka, vitabu vyangu vimeanguka, kana kwamba twamfunulia siri. Siri hiyo aliifunua mwenyewe akiwa na miaka miwili! Anachohitaji ni kuambiwa kwamba nyumba ni ile ile na milango imepakwa rangi nyingine. Kisha apewe jambo la kusema. Badala yake twamnyima jambo la kusema, twampa namba za ngeli, naye akariri namba na kusahau kwamba anajua. Hivyo ndivyo vitu yangu inavyozaliwa.

Twasikia majibu. La kwanza ni kwamba kijana wa miaka kumi na minne si mtoto wa miaka miwili. Kweli kabisa. Kijana hufaidika kwa maelezo, na sarufi iliyoelezwa vizuri humfupishia njia. Hatujasema jedwali lichomwe moto. Lakini fikirini hesabu ya saa. Mtoto mdogo huwa macho kadiri ya saa kumi na mbili kwa siku, yaani zaidi ya saa 4,000 kwa mwaka, akiwa katikati ya watu wasemao. Mwanafunzi mwenye vipindi vinne vya dakika 40 kwa juma, kwa majuma 36, apata saa 96. Mwenye saa 4,000 aweza kupoteza baadhi. Mwenye 96 akizitumia 60 kunakili ubao, atasema lini?

La pili ni darasa kubwa na mtihani. Darasa la watu themanini ni adha, nasi twalifundisha. Hata hivyo watu themanini waweza kugawanywa wawili wawili, mmoja muuzaji na mmoja mnunuzi wa ndizi, jambo ambalo ubao hauwezi. Na mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, wamtaka mwanafunzi atende na aseme, kwa hiyo kisingizio cha mtaala kimekwisha.

La tatu lina nguvu zaidi. Mwanafunzi wa Kiacholi au Kilango hana ngeli katika lugha ya mama yake. Huyo hatuwezi kumwambia nyumba ni ile ile. Atahitaji kusikia zaidi kuliko Mganda, na kwa muda mrefu zaidi, kabla hatujamdai chochote. Twaona hiyo ni sababu ya kumsimulia hadithi nyingi za Kiswahili tangu madarasa ya chini. Wenzetu wa kaskazini wenye ujuzi wa jambo hili twawaomba waandike, hata wakitupinga.

Kwa mkutano ujao wa chama twaleta hoja mbili. Ya kwanza: chama kiandike barua kwa wenye chekechea, katika kila wilaya tuliyo na wanachama, kuwataka wakome kuwaambia wazazi waache lugha za nyumbani. Ya pili ni ya sisi kwa sisi. Kila mwanachama amtafute mtoto mmoja wa chini ya miaka mitatu, wa nyumbani mwake au wa jirani kwa idhini ya mama yake, akae naye saa moja akiwa anacheza, aandike kila asemalo. Msimsahihishe. Msimwulize rangi. Andikeni umri kwa miezi, andikeni ni nani aliyekuwa akisema naye na kwa lugha gani, na jina la mtoto liachwe. Karatasi ziletwe mkutanoni, na siku hiyo ubao utumike kwa kuandika maneno ya watoto hao peke yake.